Njia ya Sitini na Tatu

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali mwaka ule mkongo wa mawasiliano ulipofika Lupembwe, saa nne asubuhi siku ya Ijumaa, mtambo wa kituo ulikuwa na njia sitini na tatu. Barua za ahadi zilizokwenda vijijini zilikuwa sabini na tano.

Yusta Luvanda, fundi mkuu wa kituo, alikuwa ameirudia hesabu hiyo tangu Jumatatu hadi ulimi ukamkauka. Kila kijiji kilichimba mtaro wa mkongo kwa msaragambo, bila ujira, kwa ahadi ya njia moja: simu kwa zahanati, mtandao kwa shule. Vijiji sitini na viwili vilikwisha kuunganishwa kwa kufuata orodha. Kumi vilikubali kusubiri mtambo wa pili, ambao haukuwa na tarehe. Vitatu vilikataa, na wenyeviti wake walikuwa wameketi mbele ya meza yake. Njia ilibaki moja. Fomu yenye jina la kijiji cha mwisho ilitakiwa makao makuu saa sita mchana. Mkubwa wake alikuwa amemwambia kwa simu, "Wewe ndiye uliyeko huko. Andika jina," akakata.

Wa kwanza, Alfonsi Sanga wa Ilindiwe, alitoa simu, akapiga hesabu. "Mkongo unabeba megabiti mia hamsini na tano na nusu kwa sekunde. Njia moja inachukua mbili na kidogo. Gawanya. Sabini na tano na ushee."

"Sitini na tatu," alisema Yusta.

Wa pili, Tulizo Mbilinyi wa Lugenge, naye alitoa simu, akapiga hesabu. "Sabini na tano na ushee."

"Sitini na tatu, mama."

Wa tatu, Laitoni Mahenge wa Masisiwe, hakuwa na simu ya kupigia hesabu. Aliazima ya Sanga, akabonyeza kwa kidole kimoja. "Sabini na tano," akasema. Akatazama tena. "Na ushee."

Yusta aliinuka, akaleta ndoo ya maji ya kituo, akaitua juu ya meza.

"Hii ni ya lita ngapi?"

"Ishirini," walisema wote.

"Chupa za lita moja, zimejaa maziwa, zitaingia humu ngapi?"

"Ishirini," alisema Sanga.

"Zipange zenyewe, baba. Chupa na vizibo vyake."

"Sisi maziwa tunamimina," alisema Mahenge.

"Hapa hatumimini!" Yusta alipiga ndoo kofi. "Hapa kila chupa inakwenda na kizibo chake, na jina la mwenyewe, na nafasi ya kuitoa bila kugusa ya jirani. Hayo yote yanakula nafasi. Mhandisi Chaula aligawanya kama mtu anayemimina, akaandika barua."

"Yuko wapi huyo Chaula?"

"Amehamishwa. Simu yake haipatikani."

"Huyo ndiye mwenye akili kuliko sisi," alisema Tulizo.

Basi wakaacha kugawanya, kila mmoja akadai chake.

Sanga alisema, "Ilindiwe tulipewa mwamba. Kilomita nne, wiki tisa. Sululu thelathini na moja zilivunjika, na kijana wetu Tweve alipoteza jicho kwa kipande cha jiwe. Njia ni yetu."

Tulizo alisema, "Lugenge mkongo ungezunguka mlima, kazi ya miezi minne. Tukasema upite makaburini. Tulihamisha makaburi kumi na moja. La tisa ni la mama yangu. Nimemzika mara mbili. Njia ni yetu."

Mahenge alisema, "Masisiwe tulichimba nusu kilomita, tena tambarare, sitakudanganya. Lakini Machi mlima ulipoporomoka, mkongo ulibaki unaning'inia juu ya korongo. Watu wangu waliushikilia kwa kamba siku mbili, kwa zamu, kwenye mvua, mpaka mafundi wakafika. Ungekatika, leo ungekuwa na njia ngapi?"

"Hakuna," alisema Yusta.

"Haya. Njia ni yetu."

"Kushika kamba!" alisema Sanga. "Hata mbuzi wangu anashika kamba."

"Mbuzi wako, mwenyekiti, kamba ndiyo imemshika yeye," alisema Mahenge.

"Nyamazeni!" alisema Yusta. "Mnanipigia kelele kama mimi ndiye niliyeandika barua. Mimi nilipoziona tu nilijua njia hazitatosha. Niliandika dokezo siku ileile, nikaliweka kwenye faili la mkubwa."

Tulizo aligeuza uso polepole. "Siku ipi hiyo?"

"Julai mwaka jana, tarehe kumi na mbili."

Hakuna aliyetoa simu. Hesabu hiyo haikuhitaji simu.

"Sisi tulishika sululu Agosti," alisema Sanga.

"Makaburi yalikuwa Septemba," alisema Tulizo. "Na kutoka hapa mpaka Lugenge ni mwendo wa saa moja, mwanangu."

"Ningewaambia nini? Amri ilikuwa ya mhandisi. Mimi ni fundi."

"Ungesema sitini na tatu," alisema Mahenge. "Kama ulivyotuambia wiki hii nzima."

Tulizo aliiondoa ndoo mezani, akaiweka sakafuni, akaisukuma fomu hadi mbele ya fundi. "Andika basi," akasema. "Wewe uliyejua, andika."

Saa sita kasorobo, kisanduku cha jina kilikuwa kitupu, na taa ya njia ya sitini na tatu ilikuwa inawaka nyekundu.

Enyi mliosikiliza, dakika zilizobaki ni kumi na tano. Je, nani alistahili ile njia: waliopasua mwamba, waliozika mara mbili, au walioshika kamba? Na kalamu, je, ilistahili kuwa mkononi mwa Yusta?