Viatu vya Akina Mama wa Mlabani

Wahenga walisema kuwa kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Mwenye mali husikitika anapoona vitu vyake vikimwagika njiani, lakini aliyejitwika mzigo huo hupumua. Wengi huitumia methali hii kumcheka mchukuzi. Laiti wangemjua Apolinari wa Ifakara, ambaye mzigo wake aliubeba miguuni!

Mwaka 1956, mpunga ulipokwisha kuvunwa, Ifakara ilijiandaa kupambana na Mahenge katika mbio za kigingi, mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa serikali ya kikoloni. Katika mbio hizo mkimbiaji huondoka mstarini, hukizunguka kigingi kilicho upande wa pili wa uwanja, hurudi kuzunguka kingine, kisha huenda na kurudi tena. Mwenye kasi asiyejua kugeuka alikuwa sawa na gari lisilo na usukani. Mahenge walikuwa wameshinda kila mwaka, na sasa wazee wa Ifakara walimweleza mwalimu wa mazoezi, Fridolin, bila kumung'unya maneno: "Tukishindwa tena, kazi hii tunampa mtu mwingine."

Fridolin alikuwa askari zamani, naye alikuwa na mafunzo yake. Asubuhi alimpeleka mkimbiaji wake, Apolinari, kwenye mchanga wa mto Kilombero, akamwamuru kuokota kokoto kwa vidole vya miguu. Wavuvi waliokuwa wakishusha mitumbwi walishika mbavu kwa kicheko.

"Mwalimu, huyo unamfundisha mbio au unamfundisha kuiba kwa miguu?"

"Mguu ni mkono uliosahau kazi yake," Fridolin aliwajibu, kisha akamgeukia kijana. "Apolinari, ukikaribia kigingi, fupisha hatua, shusha kiuno, sukuma ardhi kwa mguu wa nje. Na vidole viishike ardhi!"

Apolinari alielewa upesi. Utoto wake ulipita kijijini Idete, akiamia ndege, akiwafukuza katika mashamba ya mpunga, na ndege hawamwambii mtu watatua upande gani. Baada ya majuma machache, aligeuka kama swala aliyesikia mbwa.

Hapo ndipo heshima ilipoingia. Shangazi yake, Eufrasia, aliyekuwa akimlea katika mtaa wa Mlabani pale Ifakara, aliwakusanya akina mama wenzake. "Kijana wetu asimame mbele ya Bwana Shauri pekupeku, kama anakwenda kuamia ndege? Haiwezekani!" Kila nyumba ikatoa mchele, hata mke wa Fridolin akapeleka beseni lake, na mchele huo ukageuka viatu vyeusi vya ngozi dukani kwa mzee Sadallah. Akina mama walivipeleka nyumbani kwa nyimbo na vigelegele, kana kwamba wanapeleka vyombo vya harusi.

Apolinari alivijaribu, kisha akamfuata mwalimu wake uso ukiwa umesawijika.

"Mwalimu, ardhi siisikii. Ni kama nimefungiwa mbao."

"Mwambie shangazi yako."

"Nimwambie nini? Watu wametoa chakula chao. Mwambie wewe, mwalimu."

Fridolin alikuna kichwa. "Mke wangu ndiye aliyeongoza zile nyimbo."

"Basi tumekwisha."

"Tumekwisha," mwalimu alikubali.

Siku ya mashindano uwanja ulifurika watu. Filimbi ilipolia, Apolinari alichomoka pamoja na Ildefonce, bingwa wa Mahenge, mtu mwenye mapaja kama michi. Kwenye kigingi cha kwanza Apolinari alishusha kiuno kama alivyofundishwa, lakini soli ziliteleza kama samaki mkononi, akapitiliza. Kwenye kigingi cha pili aliteleza tena, nusura aanguke. Ildefonce alikuwa amekwisha kumwacha mbali.

"Mchumba wa watu huyo, msimharakishe!" Mahenge walimdhihaki. "Anaogopa kuchafua viatu!"

Fridolin alifumba macho. Aliiona kazi yake ikiondoka.

Alipofika kigingi cha tatu, Apolinari alisukuma ardhi kwa nguvu zake zote. Soli ya mguu wa nje ikaachama kama mdomo wa kambare, na kiatu kikaruka hadi miguuni pa watazamaji.

"Mama yangu, kiatu!" Eufrasia alipiga ukelele.

Apolinari alihisi mchanga chini ya vidole vyake. Ulikuwa kama maji kwa mwenye kiu. Akakirusha na cha pili, akachanja mbuga. Akampata Ildefonce karibu na katikati ya uwanja, wakaenda bega kwa bega, na mwishoni kifua cha Apolinari kikatangulia mstari.

Kabla hajashangilia, alimwona shangazi yake akija na kile kiatu kilichoachama.

"Nisamehe, shangazi."

"Nikusamehe kitu gani, mwanangu? Tangu ulipovivaa ukaanza kutembea kama bata, sijapata usingizi. Ila ningewaambiaje wenzangu, na mimi ndiye niliyewachangisha?"

Akina mama walitazamana, wakaangua kicheko, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameliona hilo akanyamaza.

"Mimi niliuza viatu vya kanisani," mzee Sadallah alijitetea. "Hakuna aliyeniambia vinakwenda kukimbia!"

Fridolin alikuwa ameketi kwenye nyasi, anacheka huku anafuta machozi. Mmoja wa wale wazee wa Ifakara alimpiga begani. "Inuka, mwalimu. Kesho mna mazoezi."

Jioni hiyo Apolinari alirudi Mlabani pekupeku, mwepesi kama unyoya, na hakuna aliyemwonea aibu. Hakika, kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi.