Bunduki Mbili za Ngazeni

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Leo sina hadithi ya kuwalaza. Nina kesi, na imenishinda. Sikilizeni mpaka mwisho, halafu mnisaidie.

Katika kijiji chetu cha Ngazeni, huko milima ya Upare, walikuwapo watu watatu. Wa kwanza ni Mwalimu Namkunda. Alikuwa amestaafu kufundisha, lakini hakustaafu kukumbuka: alijua nani alimzaa nani, nani alilima wapi, nani alikufa katika njaa ipi. Ghala la zamani la kahawa aliligeuza makumbusho, akaweka humo majembe ya wahunzi wa kale, vyungu, na picha za watu ambao wajukuu zao hawakuwajua tena. Wa pili ni Kibacha, fundi baiskeli, ambaye chuma chochote kilimtii. Wa tatu ni Nakijwa, mkulima wa tangawizi. Yeye kipaji chake kilikuwa kutunza siri. Ukimwambia neno, limezama.

Mwaka mmoja serikali ilitangaza mwezi wa msamaha. Mwenye silaha bila kibali aisalimishe, hataulizwa kitu. Siku ya tatu Kibacha aliingia makumbusho amebeba kitu kirefu ndani ya gunia. Siku ya nne akaja Nakijwa, naye amebeba kitu kirefu, amekiviringisha kwa kanga mbili. Ndipo kijiji kilipojua kwamba nyumba mbili zilizotazamana ng'ambo ya mfereji zilikuwa zimeficha bunduki zaidi ya miaka mia, na hakuna iliyojua ya mwenzake.

Ya Kibacha ilikuwa Mauza ya Mjerumani, ya zile za zamani zilizotoa moshi mwingi kila zinapolia. Kibacha na baba yake na babu yake walikuwa wakiipaka mafuta kila mwaka, mpaka mtutu wake ukawa hauna hata doa la kutu.

"Hii ni ya Sefu bin Almasi," alisema Kibacha. "Alikuwa askari wa Mjerumani, mtu wa kutoka Tabora. Wakati wa ile vita kubwa Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma, waliamuru vihenge vyote vichomwe ili Mwingereza asikute chakula. Sefu akatumwa kwa bibi yetu Nambike, kwenye vihenge sita vya mahindi. Akavitazama. Akamwuliza, 'Mama, mna watoto wangapi hapa?' Bibi akawa analia tu. Sefu akakusanya majani makavu nyuma ya nyumba, akayatia moto, moshi ukapanda juu. Akaenda kusema kazi imekwisha. Mkubwa wake hakuamini. Alikuja mwenyewe, akaona vihenge vimesimama. Sefu alipigwa risasi pale pale uani. Wakati huo huo Waingereza wakaanza kufyatua kutoka bondeni, wenzake wakakimbia, hakuna aliyekumbuka vihenge wala bunduki."

Ya Nakijwa ilikuwa Enfildi ya Mwingereza, kitako kimepasuka, mkanda umeliwa na mchwa. Nakijwa aliiweka mezani, akaanza.

"Hii hatujui ni ya nani," alisema. "Waingereza walipofika walikamata wanaume thelathini na mmoja wa hapa, wakabebe mizigo ya vita. Mnajua wapagazi wale walivyokufa njiani. Siku ya pili, mchana, askari mmoja mweusi aliachiwa awalinde wakichota maji mtoni. Alikuwa peke yake. Akaketi juu ya jiwe, akaegemeza bunduki, akasema kwa Kiswahili cha shida, 'Mguu wangu una mwiba. Nitautafuta mpaka niupate.' Akawapa mgongo. Wakaelewa, wakakimbia."

"Na bunduki?" aliuliza Mwalimu Namkunda.

"Babu yetu aliichukua." Sauti ya Nakijwa ilishuka. "Aliogopa wasije wakapigwa nayo mgongoni. Kesho yake wakasikia kwamba yule askari ameuawa, kwa kosa la kupoteza silaha. Labda kwa kuwaachia watu tu angechapwa viboko. Babu alijua hilo mpaka anakufa. Hakuwahi hata kumwuliza jina."

Basi wanaume thelathini na mmoja walirudi Ngazeni, wakakuta vijiji vya jirani vinakula mizizi, na vihenge vya Nambike vimejaa. Vililisha watu wa kijiji kizima mwaka ule. Mvua zilipokuja, ile mikono iliyorudi ndiyo iliyolima. Mwalimu Namkunda mwenyewe ni mjukuu wa mmoja wa wale thelathini na mmoja, na bibi yake alilishwa uji wa vihenge vile.

Mwalimu alitoa taarifa polisi, na siku ya kumi mkaguzi wao akaja. Alikuwa kijana mwenye adabu, alivua kofia alipoingia.

"Mwalimu, shikamoo. Kibali cha makumbusho yako kinaruhusu bunduki moja. Kibali kimoja, bunduki moja. Nyingine itakatwa Jumamosi pamoja na silaha zote, kisha iyeyushwe."

"Marahaba, mwanangu. Hizi hazina hata risasi. Zizibeni mitutu yote miwili."

"Zote tunaziziba, Mwalimu. Hata hiyo moja. Lakini idadi sikuipanga mimi."

Namkunda aliandika barua wilayani, akajibiwa aandike mkoani. Aliandika mkoani, akajibiwa kwamba barua yake imepokelewa. Alipiga simu makumbusho ya mjini. Wakasema bunduki za aina hizo wanazo tele, wanakosa pa kuziweka. Alimwomba Kibacha aunganishe mtutu wa moja na kitako cha nyingine. Kibacha alizishika, akazipima kwa macho, akazirudisha mezani.

"Mikono yangu inaweza, Mwalimu. Lakini itakuwa ya nani hiyo? Tutakuwa tumewaua wote wawili tena."

Ijumaa waliketi watatu ghalani. Kila mmoja alijua kwamba kesho hakuna atakayetoka hapo akiwa na furaha.

"Dada Nakijwa," alianza Kibacha, "Sefu ndiye aliyetangulia. Bila vihenge, hao waliokimbia mtoni wangerudi kuzika wake zao, kisha wao wenyewe."

"Kweli, kaka. Na bila wao, mngekula mpaka kihenge cha sita kiishe, halafu nani angelima?"

"Sefu alikufa kwa kututazama tu. Hakutujua."

"Wetu naye hakutujua." Nakijwa alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Wako ana jina, kaka. Hata bunduki ikienda, Mwalimu ataliandika ukutani. Wangu ataandikwa nini? Hicho chuma ndicho jina lake."

"Na jina bila kitu, nani atasimama kulisoma? Watoto watapita tu. Sisi vizazi vitatu tumeipaka mafuta. Ninyi mmeiacha ikaliwa na mchwa."

"Tulishindwa kuigusa," alisema Nakijwa. "Kila tukiigusa tunaona ule mgongo wa mtu."

Mwalimu Namkunda, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu miaka arobaini, alikaa mikono magotini, anatazama zile bunduki mbili kama mtu anayetazama watoto wawili mtoni na ana kamba moja.

Jumamosi asubuhi mkaguzi alifika na gari. Alimwekea Namkunda fomu mezani. Yote ilikuwa imejazwa, isipokuwa nafasi moja, ya namba ya bunduki itakayobaki.

"Nikikataa kuandika?" aliuliza.

"Nitazichukua zote mbili, Mwalimu. Nisamehe."

Akaishika kalamu. Kibacha aligeukia ukuta. Nakijwa alibaki akimtazama Mwalimu usoni, wala hakumlaumu. Namkunda akaandika namba ya bunduki moja, pole pole, kisha akaiweka kalamu chini na kufunika macho. Mkaguzi akatoka na bunduki moja. Kutoka barabarani walisikia ikitupwa juu ya nyingine garini.

Alichagua ipi, sitawaambia. Nimeisimulia kesi hii mara nyingi, na kila mara wasikilizaji wanagawanyika katikati, mume huku na mke kule. Mmoja aliokoa chakula, mwingine akaokoa walaji. Mmoja ana jina. Mwingine hana jina wala kaburi, na aliuawa kwa sababu ya bunduki ile ile tuliyomchukulia. Na wote wawili hawakuwa na deni lolote kwetu.

Fomu iko mbele yako, nafasi ni moja, na gari linanguruma nje. Je, wewe ungeandika namba ya nani?