Kiti cha Pili kwenye Gurudumu

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na mama mmoja jina lake Salha. Alikuwa mjamzito, na alikuwa na binti wa miaka mitano, Chiku. Mama yake Salha alilazwa hospitali, katika wodi wasiyoingia watoto. Chiku hakuwa amemwona bibi yake tangu mvua zianze.

Bibi akatuma salamu: "Mpeleke mjukuu wangu bustani ya michezo, hapo jirani na hospitali. Apande gurudumu kubwa saa kumi, wauguzi wanapotutoa kibarazani kuota jua. Nitampungia kanga yangu. Nikimwona, hata dawa zitapita kooni."

Basi wakaenda. Lo! Siku hiyo vijana walikuwa wamejaa kama kumbikumbi. Skauti na skafu zao, madrasa na hijabu za kijani, kwaya na fulana za njano. Foleni ya gurudumu ilizunguka kibanda cha bisi, ikapita vyooni, ikarudi, mkia ukakaribiana na kichwa. Salha akasimama mkiani. Akaona saa kumi itampita, machozi yakamlenga.

"Mama, mbona unalia mahali pa raha?" akauliza skauti mmoja, Danford, aliyekuwa amekaribia kabisa kupanda.

Salha akamweleza. Danford akatoka kwenye mstari. "Simama pangu, mama."

"We Danford!" wenzake wakamzomea. "Ukitoka unaanzia mkiani. Umeamka alfajiri huko kwenu kuja kutazama wenzio wakipanda?"

"Nitapanda siku nyingine," akasema, akaenda mkiani. Siku nyingine yenyewe ingekuwa lini, hakuijua.

Salha na Chiku wakafika mbele. Chiku akatazama juu, akaona viti vinaning'inia angani, akaikumbatia miguu ya mama yake. "Sitaki! Nitadondoka!"

Foleni ikaguna. Akaja msichana wa madrasa, Zulekha, ndiyo kwanza ameshuka. Akachuchumaa. "Mdogo wangu, mimi mara ya kwanza nilipiga kelele mpaka ustadhi akaziba masikio. Mara ya pili nikacheka. Nishike mkono." Chiku akaushika. Hakuuachia tena.

Kumbe habari ya bibi ilikuwa imeshapita foleni nzima, kinywa kwa kinywa, ikafika kwenye basi la kwaya lililokuwa likiwasha injini. Akashuka msichana mmoja, mbio. Jina lake Upendo.

"Mama! Ni wodi ya kinamama wazee? Sisi huwaimbia kila Jumapili. Kutoka juu utaona vibaraza vingi, vyote vinafanana. Asiyekijua chao hakioni, na gurudumu halisubiri. Nitamwonyesha."

"Upendo!" mwalimu akaita. "Tunakuacha!"

"Niacheni, mwalimu. Nitatembea!"

Mwendesha gurudumu akafungua mnyororo. Akamtazama Salha, akalitazama tumbo. "Dada, mwenye mimba hapandi. Na mtoto huyu hapandi peke yake. Kiti kimoja ni watu wawili, na mzunguko huu ni wa mwisho, mashine ipumzike. Nani anapanda naye?"

Hapo ndipo zilipoanza kelele.

"Danford!" skauti wakapaza sauti. "Bila yeye mngekuwa bado kule vyooni!"

"Zulekha!" wakajibu madrasa. "Hamwoni mtoto alivyomng'ang'ania?"

"Huyo kashapanda mara mbili, anataka kuhamia huko juu?" skauti wakadakia.

"Upendo!" wanakwaya wakaita kutoka madirishani mwa basi. "Bila yeye mtaona mabati matupu!"

Danford akaitwa kutoka mkiani, akaja akitazama viatu vyake. "Mama, mimi sina neno. Lakini ukiniuliza, natamani."

Zulekha akasema, "Nimeshapanda, ni kweli. Ila nikimwachia mkono atalia, na bibi ataona machozi badala ya mjukuu."

Upendo akasema, "Mimi gurudumu lenyewe silipendi, hunitia kizunguzungu. Nataka tu yule bibi asipunge kanga bure."

Salha akawatazama wote watatu, moyo ukamjaa. Alikuja na mtoto mmoja. Sasa aliona ana wanne.

"Dada, chagua," mwendesha gurudumu akasema kwa upole. "Saa kumi ndiyo hii, na bibi yupo kibarazani."

Nanyi mnaosikiliza, mngekuwa ninyi Salha, mngemketisha nani kando ya Chiku: aliyeitoa nafasi yake, aliyeshikwa mkono, au anayejua pa kutazama? Je, nani alistahili?