Nyumba ya Bi Nguchiro na Shimo la Bwana Ngiri

"Hodi, wenye masikio!"
"Karibu, mwenye mdomo!"
"Nimekuja na kisa."
"Kiketishe, tukione!"

Basi palikuwa na nyika, na nyika hiyo ilijaa mashimo. Muhanga ndiye aliyeyachimba yote, kisha akahama zake. Akaja Ngiri, meno yamepinda kama mundu. Akasimama juu ya shimo la kwanza, akasema, "Langu!" Akasimama juu ya la pili, akasema, "Langu!" Jua likizama, nyika nzima ilikuwa yake, naye hajachimbua hata kidonge cha udongo. Kila aliyetaka kulala shimoni, sharti amchimbulie Bwana Ngiri mizizi ya kula, asubuhi na jioni.

Katika shimo bovu kuliko yote aliishi Bi Nguchiro, kinyama chembamba cha kuweza kupita kwenye pete, pamoja na vitoto vyake.

"Bwana Ngiri, dari ina ufa."
"Si unawaletea hewa?"
"Bwana Ngiri, mlango ni mmoja. Nyoka akiingia, tutokee wapi?"
"Mkaribisheni, ni mgeni."
"Bwana Ngiri, mvua zinakuja. Dari itawaangukia watoto wangu!"
"Hama. Khrr, khrr, khrr!"

Ndivyo alivyocheka. Khrr, khrr!

Sasa sikilizeni. Wanyama walikuwa na baraza lao, na baraza lilikuwa na sheria: nyumba ya kupangisha iwe na milango miwili na dari isiyovuja. Na mwenye nyumba asiyejiweza, baraza litamsaidia: mchwa watamjengea bure, kwa udongo wa baraza. Ngiri aliposikia neno bure, masikio yalisimama. Akaenda akalia mbele ya baraza, "Wapangaji wangu wanateseka, jamani!" Mchwa wakaja, elfu kwa maelfu. Akawaambia, "Jengeni hapa." Pale palikuwa kwake.

Wakajenga, tiki-tiki-tiki. Wakajenga, tiki-tiki-tiki. Wee! Nyumba ikapanda ikampita twiga. Kuta ngumu, jino la simba halipenyi. Nje jua linachoma mawe, ndani baridi kama mtungini. Kuna vyumba, na nyuma ya vyumba kuna vyumba. Ndege waliopita juu walisahau kupiga mabawa, wakaanguka, pu! Hata tembo, ambaye hashangai kitu, alisimama akaacha jani linaning'inia mdomoni.

Bi Nguchiro aliitazama nyumba ile, akautazama ufa wake. Akaenda barazani, ti-ti-ti, kwa Mzee Kobe, mkaguzi mkuu.

"Shikamoo, mzee. Njoo ukague tunapolala."
"Marahaba, binti. Nitakuja. Ila sheria inataka mwenye nyumba apewe taarifa kwanza."
"Taarifa! Ili apate nafasi ya kutandaza majani juu ya nyufa?"
"Ndiyo sheria. Lakini ipo na nyingine. Nyumba nitakayoipiga muhuri kuwa ya wapangaji, mpangaji wake hatolewi na yeyote, mpaka atake mwenyewe."

Bi Nguchiro akapiga hesabu. Macho yakazunguka, pi, pi. Akaaga, akatoka mbio.

Alimkuta Ngiri akihema. Kanga, tarishi wa baraza, alikuwa ametoka kumpa taarifa: mkaguzi anakuja kuona nyumba ya wapangaji iliyojengwa kwa udongo wa baraza. Isipokuwepo, Ngiri afukuzwe nyikani.

"Unataka nini, mdomo wewe?"
"Nimekuja kukuokoa, Bwana Ngiri. Ukifukuzwa wewe, ataingia Nyegere. Yule anauma. Heri wewe."
Ngiri akaona hilo lina akili. "Niokoe vipi?"
"Udongo wa baraza uko wapi?"
"Uko... kwangu."
"Basi waonyeshe huo huo. Sema hii ndiyo nyumba ya wapangaji. Nitaingia na wanangu tukae mchana mmoja. Wakiondoka, tunarudi zetu shimoni."
"Na mimi nitasema naishi wapi?"
"Shimoni kwetu! Mwenye nyumba anayelala pabaya ili wapangaji walale pazuri? Bwana Ngiri, watakuimbia!"
Ngiri alipenda kuimbiwa. "Khrr, khrr, khrr! Ingieni."

Siku ikafika. Kobe mbele, Kanga nyuma, na wanyama wote wamewafuata. Kobe akaingia chumba cha kwanza, akahesabu milango. Akaingia chumba cha pili, akatazama dari. Akagusa ukuta kwa pua, akafumba macho, akasikiliza upepo unavyopanda ndani ya nyumba kama pumzi ya kitu kinachoishi. Alipotoka, akawageukia wanyama.

"Nimekagua nyika hii tangu gamba langu likiwa laini. Kitu kama hiki sijakiona. Hii ni nyumba ya nani?"
"Ya mpangaji wangu, Bi Nguchiro!"
"Unasema mbele ya wote?"
"Mbele ya wote!"
"Na wewe unaishi wapi?"
Ngiri akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Mimi? Shimoni, mle kwenye ufa."

"Aaah!" Nyika nzima ikashusha pumzi. Pundamilia akalia waziwazi. Wakamwimbia Ngiri, wakamzunguka, naye akafumba macho akila sifa.

"Leteni udongo mbichi!" Kobe akakanyaga. Pwa! Alama ya mguu wake ikabaki juu ya mlango.

Ngiri akafumbua jicho moja. "Hiyo ya nini, mzee?"
"Muhuri. Mpangaji hatolewi hapa mpaka atake mwenyewe."
"Ngoja, ngoja kidogo..."
"Ama si nyumba yake? Maana kama si yake, itabidi tuulize udongo wetu ulikwenda wapi."
Wanyama wakaacha kuimba. Ngiri akawatazama, nao wakamtazama.
"Ni yake," akasema, kwa sauti ya kifaranga.

Hapo mbingu ikanguruma. Ngururu! Mvua ikaja, na kila mmoja akakimbilia kwake. Ngiri akabisha kwenye ile nyumba.

"Fungua, Nguchiro! Mchezo umekwisha!"
"Mchezo gani, baba mwenye nyumba? Nenda kwako, unalowa."
"Chumba kimoja tu!"
"Watoto wamelala, usiwaamshe."

Wamelala! Kwa mara ya kwanza wamelala mvua ikinyesha.

Ngiri akamgeukia Kobe, ambaye alikuwa bado yupo mlangoni, maana kobe kuondoka ni safari. "Mzee, shimo langu linavuja. Baraza linisaidie!"
"Baraza husaidia nyumba za wapangaji," Kobe akajibu. "Shimo lako, juhudi yako."

Basi Ngiri akaenda shimoni. Lakini hakuweza kuipa mgongo nyumba ile, ilikuwa nzuri mno. Akaingia kinyumenyume, makalio mbele, macho nje, akiitazama inavyong'aa mvuani. Mpaka leo nguchiro wanakaa kwenye vichuguu, na ngiri huingia shimoni kinyumenyume.

Kisa nimekitua. Kikiwa kitamu, gawaneni. Kikiwa kichungu, nirudishieni.

Na funzo lake ni hili: mpangaji mwema huvumilia, hanung'uniki, wala hapeleki maneno barazani. Bi Nguchiro hakuvumilia, na mmeona wenyewe mateso yaliyompata: vyumba, na nyuma ya vyumba, vyumba.