Uji Usio na Sukari

Walio mbele wasogee, walio nyuma wanyamaze. Leo sikuja kuwabembeleza. Nimekuja na kesi, na kesi yenyewe imenichosha mpaka chakula hakipiti.

Mimi, Asumini, ni mwongozaji wa mchezo wa kuchekesha wa televisheni uitwao Wako na Wangu. Baba mjane amemwoa mama aliyeachika, kila mmoja kaja na watoto wake, na humo humo ndani wanaishi babu na bibi, wazazi wa baba. Vurugu tupu. Mchezo huo unabebwa na watu watatu. Kibwana, mwandishi, ana kipaji cha kujua watu wanangoja nini, kisha asiwape. Tausi, mwanafunzi wa darasa la sita anayeigiza binti wa mama, anaweza kusema jambo zito kana kwamba anaomba maji. Na Bi Sijaona, anayeigiza bibi, anakuliza kwa kujifunga kanga tu.

Nianze na Kibwana. Mnawajua bibi zetu: mjukuu wa kiume ni mume wangu, wa kike ni mke mwenzangu, na babu anagombaniwa kutwa. Kibwana akamwandika bibi anayewatania hivyo wajukuu wa damu, lakini Tausi, aliyekuja na mama yake, anamwita "wewe mtoto". Tena sukari ameifungia kabatini, ufunguo uko kwenye pindo la kanga, na wanaogawiwa ni wale wake wenza tu. Watazamaji wakakasirika. Sokoni Bi Sijaona alinyimwa nyanya. Nikamsihi Kibwana, "Mpe mtoto neno moja zuri, kaka, watu watanivunjia madirisha." Akanijibu, "Bado hawajaumia vya kutosha." Msimu mzima alituweka hivyo. Mwisho akaandika tukio fupi: bibi anaumwa, Tausi anampelekea uji usio na sukari kwa sababu sukari imefungiwa, bibi anasema asante, mtoto anatoka. Basi.

Sasa Tausi. Siku ya kurekodi aliweka bakuli, na badala ya kutoka akakaa sakafuni, kando ya kitanda. Halikuandikwa hilo. Nikainua mkono nisimamishe kamera, hasira zimenipanda, maana tulishachelewa. Akasema taratibu, "Bibi, wake wenzako wote wamekwenda kucheza rede. Nimebaki mimi." Mkono wangu ukabaki hewani.

Halafu Bi Sijaona. Yeye alipaswa kusema asante. Akaonja uji, akakunja uso, akamgeukia yule mtoto. "Mke mwenza gani wewe, unaniletea uji hauna sukari? Unataka nife ubaki na mzee peke yako?" Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo, akautia kiganjani mwa Tausi. Mpiga kamera alikuwa analia, picha inatikisika. Tuliirusha hivyo hivyo.

Tukio hilo likashinda tuzo ya Tukio la Mwaka. Wakatukabidhi kikombe kimoja cha kioo, kibaya, kama birika lisilo na mdomo, chenye nafasi ya jina moja. Na kituo, ambacho kilikuwa mbioni kuufuta mchezo, kikasema tutarudi hewani ikiwa hao watatu watarudi wote. Nikawaita nyumbani kwangu. Nikapika na pilau, mjinga mimi, nikidhani tutacheka.

"Neno lile la mke mwenza lisingekuwa na utamu kama nisingewanyima watu msimu mzima," akasema Kibwana. "Jina langu, au tafuta mwandishi mwingine."

"Uliniandikia asante," akasema Bi Sijaona. "Asante hata karani wa posta husema. Neno limetoka kinywani mwangu, na ufunguo umetoka kwenye kanga yangu. Bila jina langu, mimi sirudi."

"Lakini, Bibi," akasema Tausi, "kama ningetoka nilivyoambiwa, neno hilo ungemwambia nani? Mimi pia sirudi."

Sasa jueni kwamba Tausi hana bibi, wote walikufa kabla hajazaliwa. Tangu siku ile Bi Sijaona amekuwa akimwita mke mwenza hata kamera zikizimwa, akimsuka nywele wakati wa mapumziko. Ule ufunguo mtoto hakuurudisha, aliufunga kwenye begi lake la shule, nami nikamwachia. Lakini hasira hazina macho. Bi Sijaona akamgeukia, akamwambia, "Nyamaza wewe, mtoto wa watu."

Tausi hakulia. Akafungua begi, akautoa ufunguo, akauweka mezani kando ya kikombe, akaniaga kwa adabu, akatoka. Bi Sijaona aliutazama ule ufunguo, asiuguse. Kiburi. Na Kibwana, Mungu amsamehe, akatoa kalamu akaanza kuyaandika hayo hayo kwa ajili ya mchezo. Nilitamani kumrushia pilau.

Kesho asubuhi fundi wa kuchonga anakuja, anataka jina moja. Msiniambie yaandikwe yote matatu, nafasi haitoshi, nimeshapima. Msiniambie paachwe wazi, hapo hatarudi kazini hata mmoja. Kibwana alilinyima neno mpaka tukalitamani, Tausi akalifungulia mlango, Bi Sijaona akalitoa. Mwondoe mmoja, tukio halipo. Na ufunguo bado uko mezani kwangu, hakuna aliyekuja kuuchukua.

Haya, nyinyi mliokaa mkicheka, akili zangu mimi zimekwisha. Kama ungekuwa wewe mlangoni kesho, fundi amekwisha shika kifaa chake, ungemwambia achonge jina la nani?