Siku Fisi Aliposema Ameshiba

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanakula sinia moja, jua liliwaka mpaka viwavi wakahama. Shambani ukabaki muhogo mchungu peke yake, ule wenye sumu.

"Umenyeni," aliagiza Bi Kobe, aliyeujua muhogo huo tangu ujana wake. "Ulowekeni mpaka ulainike na kunuka, maji yamwageni, kisha uanikeni mwambani. Mwenye haraka atakiona."

Wakaloweka, wakaanika. Akatafutwa wa kulinda makopa, vile vipande vya muhogo vilivyokuwa vikikauka, na Fisi akaruka mbele ya wote, maana kwa desturi yao mlinzi ndiye aliyeonja tonge la kwanza.

"Fisi alinde chakula?" Sungura akacheka.

"Nimesema atalinda!" akanguruma Simba. Simba hakupenda kukosolewa, hasa alipokuwa amekosea.

Asubuhi Fisi alilinda vizuri sana. Mchana akala kopa moja, eti kuhakikisha limekauka. Akala na la pili, lisibaki mpweke. Alipogutuka, mwamba ulikuwa mtupu. Mbio mpaka shambani, akang'oa muhogo mwingine, akaumenya, akaukata na kuuanika bila kuuonyesha maji. Ulipokauka, weupe ulikuwa ule ule.

Makopa yakatwangwa, ugali ukasongwa. Watoto wa Swala, waliokuwa hawajatia kitu tumboni tangu jana yake, wakanawa kwato.

"Karibu, Bwana Mlinzi," akasema Bi Kobe. "Onja, watoto wale."

Fisi akarudi nyuma. "Ahsante, Bibi. Mimi nimeshiba."

Hakuna aliyewahi kumsikia Fisi akisema hivyo. Mama yake mzazi alimgusa paji la uso, akidhani ana homa.

Sungura akawavuta nyuma watoto wa Swala. "Msiguse! Wekeni sinia mbele yake, tungoje njaa imrudie."

Mvuke ukampanda Fisi puani. Akafumba macho, mate yakamtoka. Akageuza shingo, lakini pua ikabaki pale pale. Alijua fika kilichomo, maskini, ila mkono ulikwenda wenyewe, ukamega tonge, kisha lingine.

Haukupita muda, kichwa kikamzunguka, miguu ikapishana, akatapika huku analia, "Huu haukulowekwa! Uliolowekwa niliumaliza mimi!"

Bi Kobe akaufukia ugali wote. Simba akatazama mawingu, utadhani hakuwepo siku ya kuchagua mlinzi. Watoto wa Swala wakalala na njaa, na hilo halikumchekesha yeyote.

Fisi alipopata nafuu, akakabidhiwa kazi ya kuloweka muhogo wa wanyama wote. Cheo chake cha kuonja hawakumnyang'anya. Ila akishaonja, hukaa kando mpaka wengine washibe.

Hadithi yangu naifunikia hapo, na ukipita huko utaonjeshwa. Hakuna anayeloweka muhogo vizuri kama Fisi, maana anamjua atakayeula kwanza.