Nyumba Asimokufa Mtu

Palikuwa na sultani aliyepiga marufuku watu kufa. Msicheke, nisikilizeni kwanza. Hakukataza mji mzima, la, hata yeye alikuwa na haya kidogo. Alikataza watu kufia ndani ya Nyumba ya Shifaa, hospitali aliyoijenga mwenyewe pale mjini Mwambakuu, yenye kuta nyeupe, mashuka meupe na mlango wa nakshi.

Sultani huyo akiitwa Zahrani. Siku moja mgeni wake wa heshima alimwambia, kwa upole tu, "Nyumba yako nzuri, bwana, ila nasikia watu wanafia humo." Ebo! Siku hiyo chakula hakikumpita kooni. Akamwita tabibu mkuu, Mzee Dhiabu, akamwambia, "Nataka nyumba yangu itengenee. Kuanzia leo, akifa mtu mle ndani, na wewe unamfuata."

Sasa Dhiabu alikuwa tabibu mzuri, lakini shingo yake aliipenda zaidi. Dawa hakubadilisha. Maji hakuchemsha. Alichukua kiti chake tu akakiweka mlangoni. Mwenye mwiba mguuni, karibu! Mwenye kwikwi, pita ndani! Muuza maziwa mmoja alikuja zake kuleta maziwa, kanawiri, mashavu yanang'aa. Wakamkamata wakamlaza, na maziwa wakayanywa. Lakini akiletwa mgonjwa wa kweli, mtu yu hoi, macho yameingia ndani, Dhiabu hupunga mkono: "Mrudisheni nyumbani. Akipata nafuu, mleteni."

Basi kila Ijumaa mpiga mbiu akawa anapuliza pembe yake: "Nyumba ya Sultani imetengenea! Hakufa mtu!" Na watu wote, watake wasitake, waitikie "Hongera!" Asiyeitikia analala korokoroni.

Haya. Mjini humo alikuwako mwanamke msuka mikeka, jina lake Mize. Hohehahe, lakini ulimi wake, weee! Hata madalali wa sokoni walikuwa wakimkwepa. Mumewe, Kombo, akashikwa na homa mbaya, uji hauteremki, maneno hayamtoki. Majirani wakambeba kwa machela hadi Nyumba ya Shifaa. Dhiabu akamtupia jicho, akatikisa kichwa.

"Huyu hapana."

"Hapana nini? Si mgonjwa?"

"Mgonjwa mno, mama. Ataniharibia nyumba huyu. Mlete akipona."

"Akipona nimlete aje afanye nini, kukuamkia?"

Dhiabu akatazama chini, maana haya alikuwa nayo, ila shingo nayo anaitaka. Mize alitaka kulia, jamani, alimpenda mno mumewe yule. Akaona machozi yatamchelewesha. Akawaambia majirani, "Mlazeni hapo kivulini, mpeni maji kidogo kidogo. Mimi nakwenda kwa mwenyewe." Kisha akamgeukia tabibu. "Na wewe twende, usije ukanikana."

Siku yenyewe Ijumaa, baraza limejaa, wageni wa miji mingine wamekaa kwenye mazulia. Mpiga mbiu akatangaza yake. Watu wote, "Hongera!" Mize kimya.

"Wewe mwanamke!" Sultani akamwita. "Mdomo umeshonwa?"

"Haujashonwa, bwana. Unangoja."

"Unangoja nini?"

"Unangoja kujua nani aliyepona."

"Husikii? Hakufa mtu!"

"Wasiokufa nimewasikia. Nimeuliza waliopona."

Sultani akamtazama tabibu. Tabibu akatazama zulia. "Yupo, bwana… yule wa kwikwi."

"Mlimpa dawa gani?" Mize akauliza.

"Maji."

Wageni wakaanza kukohoa, kile kikohozi cha mtu anayemeza kicheko. Sultani akapandwa na hasira.

"Nyumba yangu haina mfano! Nionyeshe wewe nyumba nyingine asimokufa mtu. Ukinionyesha, omba utakalo, nitakupa mbele ya wageni hawa. Ukishindwa, korokoroni sasa hivi."

"Mbele ya wageni hawa?"

"Mbele yao!"

"Basi ipo, bwana. Hapa hapa mjini."

"Mji wangu huu?"

"Huu huu. Nyuma ya ukuta wa kusini. Waliolala humo ni wengi kuliko wako, na tangu iwepo hajafa humo hata mmoja."

Wajanja mmeshajua. Tulieni, msinimalizie. Sultani hakujua, wivu ulikuwa umemkaba. Akasogea ukingoni mwa kiti.

"Chakula chao wanakionaje?"

"Hajalalamika mtu."

"Na kelele? Mle kwangu kuna muuza maziwa, kutwa analia anataka kwenda kwao."

"Kule kimya kabisa, bwana. Wamelala safu safu, kila mtu na mahali pake, kila mtu na shuka lake jeupe. Na hajatoka mtu akaenda kuisema vibaya."

"Tabibu wao nani? Namtaka!"

"Hawana tabibu."

"Bila tabibu!" Sultani akamkata Dhiabu jicho, maskini Dhiabu akashika shingo yake. "Na mlangoni kakaa nani?"

"Hakuna mtu, bwana. Kule hawamkatai mgonjwa. Hata hawa wanaorudishwa kwako, kule wanapokelewa wote."

Sultani akasimama. "Haiwezekani! Nyumba gani hiyo?"

"Makaburini, bwana," akasema Mize. "Nawe umeniahidi nitakalo. Mume wangu yuko nje ya mlango wako, bado anahema. Sasa niambie mbele ya wageni hawa, nimlaze wapi: kwako, au kule wanakokushinda?"